Mfahamu Henry Wanyoike, mkimbiaji asiyeona aliyemvuta mwongozaji wake hadi mwisho wa mbio

Leo tunalijibu swali ambalo hutufikia kila tunapozungumzia watoto wenye ulemavu: je, mtu asiyeona anaweza kuwa mwanamichezo kweli, au huwa tunampigia makofi kwa kumhurumia tu?

Jibu fupi ni kwamba anaweza. Jibu refu tutalipata kwenye maisha ya mtu mmoja wa hapa Afrika Mashariki, na wala hatukai naye mbali. Barabara hii inayopita Sakina kwenda Namanga, ukivuka mpaka na kuifuata mpaka mwisho, inakufikisha Nairobi. Ukitoka Nairobi kuelekea magharibi, hata hujachoka, unaingia Kikuyu. Huko ndiko alikozaliwa Henry Wanyoike, mwaka 1974.

Wazee wetu wa kaskazini wanaukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine. Februari 1974, Filbert Bayi, kijana wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule New Zealand. Kwa hiyo Wanyoike alizaliwa wakati ambapo kukimbia kulikuwa kumeanza kuonekana kama njia ya kijana wa kijijini kutoka. Naye alipokua alitamani njia hiyo hiyo. Alikuwa na mbio, na ndoto yake ilikuwa kuwa mwanariadha wa kimataifa.

Mwaka 1995: alilala akiona, akaamka haoni

Mwezi Mei mwaka 1995, akikaribia kutimiza miaka 21, Wanyoike alipata kiharusi. Hakikuwa kikali kiasi cha kumlaza upande mmoja kama tulivyozoea kuona, lakini kilipiga kwenye uwezo wa kuona. Karibu uoni wake wote ulipotea kwa usiku mmoja. Kidogo kilichobaki nacho kikaendelea kufifia hadi kikaisha.

Tusimame hapa kidogo, maana wengi hudhani kiharusi ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo peke yake. Kuona ni kazi ya macho na ubongo kwa pamoja. Damu isipofika vizuri kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona, mtu anaweza kupoteza uoni hata kama macho yenyewe ukiyatazama ni mazima. Kwa hiyo mtu wa nyumbani kwako akisema ghafla haoni, au anaona upande mmoja tu, usimpe dawa ya matone ukasubiri kesho. Hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Turudi kwa Wanyoike. Yeye mwenyewe ameeleza hadharani kwamba baada ya hapo alikata tamaa. Fikiria kijana wa miaka 20 na kitu, aliyezoea kukimbia, sasa anashikwa mkono kwenda chooni na anasubiri kuletewa chakula. Mbio zake aliona zimekwisha.

Mwalimu aliyeuliza swali jingine

Mabadiliko yalianzia hospitali ya Kikuyu, ambayo ina kitengo kikubwa cha macho. Huko kulikuwa na huduma kwa watu wenye uoni hafifu, na mwalimu mmoja aitwaye Petra Verweyen. Alipojua kwamba kijana huyu alikuwa mkimbiaji, hakuishia kwenye swali la macho yake yameharibika kiasi gani. Alitaka kujua pia kama miguu bado inataka kukimbia. Ni yeye aliyemtia moyo arudi uwanjani.

Wanyoike alipelekwa pia kwenye chuo cha ufundi cha wasioona kilichopo Machakos. Huko alijifunza kufuma kwa mashine na namna ya kuishi bila kutegemea macho. Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu watu husimulia medali zake wakaruka chuo. Kabla ya kushinda mbio yoyote, ilibidi ajifunze tena kutembea, kujihudumia na kufanya kazi. Mwanamichezo asiyeona huanzia hapo. Uwanja unakuja baadaye.

Mwongozaji wa mbio anafanya nini?

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo wengi hawalifahamu. Asiyeona anakimbiaje kwenye uwanja wenye mistari na kona bila kugongana na wenzake?

Katika riadha ya Paralimpiki, wanariadha wenye matatizo ya macho hugawanywa katika makundi matatu. Wale wasioona kabisa, au wanaoona mwanga kidogo tu, wako kundi linaloitwa T11. Kwenye mbio nyingi hawa hufunikwa macho wote, ili anayeona mwanga kidogo asimzidi asiyeona chochote. Kila mmoja hukimbia na mwongozaji anayeona. Mkono wa mmoja na mkono wa mwenzake huunganishwa kwa kamba fupi.

Mwongozaji ana kazi ya kusema. Humwambia mwenzake kona inaanza, kona imekwisha, kuna mtu mbele, tupite kulia, zimebaki raundi mbili. Hatua zao zinatakiwa ziende pamoja, mguu kwa mguu na mkono kwa mkono, la sivyo watakwazana.

Lakini sheria ina makatazo mawili, na yote ni ya kukumbuka. La kwanza, mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mwanariadha. La pili, haruhusiwi kuvuka mstari wa mwisho mbele yake. Akifanya hivyo, wanaondolewa wote wawili.

Maana yake ni nini? Mwongozaji anaazima macho yake tu. Miguu, pumzi na uamuzi wa kuongeza kasi ni vya mwanariadha mwenyewe. Kumwongoza mtu si kumvuta.

Kuna ugumu mwingine. Mwongozaji lazima awe na mbio kuliko anayemwongoza, kwa sababu anakimbia na kuzungumza kwa wakati mmoja. Mwanariadha asiyeona akiwa hodari sana, kumpata mtu wa kumwongoza kunakuwa kazi. Hilo lilimkuta Wanyoike mapema kabisa.

Sydney 2000: kamba ilipogeuka

Mwaka 2000 Wanyoike alikwenda Sydney, Australia, kwenye mashindano ya Paralimpiki. Ilikuwa miaka mitano tu tangu apoteze macho. Aliingia mbio za mita 5,000, yaani raundi 12 na nusu za uwanja. Mwongozaji wake aliitwa John Kibue.

Wanyoike alishika uongozi na kuwaacha wenzake mbali. Tatizo halikutoka kwa wapinzani. Lilitoka upande wa pili wa kamba. Kibue alikuwa na hali mbaya ya afya, na kadiri mbio zilivyokwenda akaishiwa nguvu. Hatua zake zikavurugika, akawa anayumba.

Hebu fikiria hali hiyo. Asiyeona yuko mbele, medali ya dhahabu iko karibu, na macho yake yote yako kwa mtu anayekaribia kuanguka. Akiachia kamba, sheria inamtoa. Akisimama, wenzake wanafika.

Wanyoike hakuachia. Alimvuta mwongozaji wake na kumhimiza wasonge, hadi wakavuka mstari. Kwa kuwa pengo alilokuwa ameliweka lilikuwa kubwa, wapinzani hawakumfikia. Akachukua dhahabu.

Watu wengi waliposimuliwa habari hii walicheka kwa mshangao: kipofu amemburuta anayeona! Lakini ukiitazama vizuri, inaonyesha kwamba kamba ile ina ncha mbili. Tumezoea kudhani kwamba asiyeona siku zote ndiye mzigo na mwenye macho ndiye mbebaji. Siku ile Sydney, mwenye nguvu alikuwa asiyeona, na nguvu zake zikatosha wote wawili.

Athens 2004: rafiki wa utotoni

Baada ya Sydney, Wanyoike alihitaji mtu wa kudumu. Akampata jirani: Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utoto. Kibunja alijifua hadi akawa na uwezo wa kwenda na kasi ya mwenzake, nao wakafanya mazoezi pamoja kwenye vilima vya kwao.

Matunda yalionekana Athens, Ugiriki, mwaka 2004. Wanyoike alishinda mita 5,000 kwa dakika 15 na sekunde 11, na mita 10,000 kwa dakika 31 na sekunde 37. Zote mbili zilikuwa rekodi za dunia kwa wanariadha wasioona.

Ili uelewe kasi hiyo, mita 10,000 kwa muda huo ni kila kilomita moja kwa takriban dakika 3 na sekunde 10, mara kumi mfululizo. Kijana yeyote wa Ngaramtoni au Tengeru anayejiona ana mbio na ajaribu kilomita moja tu kwa muda huo, akiwa na macho yote mawili. Kisha ajiulize kama angeweza kuongeza nyingine tisa.

Mwaka uliofuata waliingia barabarani. Aprili 2005 Wanyoike alikimbia marathoni ya London, kilomita 42 na ushee, kwa saa 2 dakika 32 na sekunde 51, rekodi ya dunia kwa asiyeona. Wengi wakimaliza marathoni hupumzika majuma kadhaa. Yeye wiki moja tu baadaye alikuwa Hamburg, Ujerumani, akaivunja rekodi yake mwenyewe kwa saa 2 dakika 31 na sekunde 31.

Mwaka 2008 aliongeza medali ya shaba ya mita 5,000 Beijing, China. Leo taasisi yenye jina lake husaidia watu wenye ulemavu. Ameshiriki pia kampeni za kuzuia upofu, akiwaambia watu kwamba upofu mwingi unazuilika au unatibika ukiwahiwa.

Siku hizi mwongozaji aliyekimbia na mwanariadha mbio nzima hupanda naye jukwaani na kuvishwa medali. Dunia imekubali kwamba kazi ile ni ya wawili.

Na mtoto asiye na wa kukimbia naye?

Mzazi anaweza kusema: sawa, lakini hapa kijijini nani atakimbia na mwanangu kila siku? Swali hilo ni la haki. Ndiyo maana ni vizuri kufahamu kwamba upo mchezo ambao mwongozaji hahitajiki kabisa. Unaitwa goliboli.

Ulibuniwa mwaka 1946 na Hanz Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani, kuwasaidia askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia warudishe nguvu na uchangamfu. Uliingia kwenye Paralimpiki mwaka 1976 kwa wanaume na mwaka 1984 kwa wanawake. Michezo mingi ya watu wenye ulemavu imetokana na ya wanaoona. Huu ulitungwa tangu mwanzo kwa ajili ya wasioona.

Unachezwa hivi. Kiwanja kina urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Goli limechukua upana wote wa kiwanja. Kila timu ina wachezaji watatu, na wote hufunikwa macho. Mpira una uzito wa kilo 1 na robo, na ndani yake kuna njuga. Mchezaji huuvingirisha kwa nguvu kuelekea goli la wapinzani. Wapinzani husikiliza njuga, wakajilaza ubavu na kunyoosha mikono na miguu kuuzuia. Mechi ina vipindi viwili vya dakika 12.

Mchezaji anajuaje yuko wapi? Chini ya mistari ya kiwanja hupitishwa uzi mnene, kisha hubandikwa utepe juu yake. Ukipapasa kwa mkono au mguu unausikia.

Na watazamaji je? Wananyamaza. Mpira ukiwa mchezoni hairuhusiwi kushangilia, kupiga vuvuzela wala kumwita mchezaji. Goli likiingia ndipo uwanja hulipuka. Kama vile mwongozaji wa mbio husaidia kwa kusema bila kuvuta, mtazamaji wa goliboli husaidia kwa kunyamaza. Sisi wa redio mchezo huu tunauelewa haraka, kwa sababu wewe msikilizaji nawe hufuata mechi zako kwa masikio.

Mchezo huu haupo Ulaya tu. Hapa Tanzania umeshachezwa na wanafunzi wasioona kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kwa hiyo mwalimu wa michezo anayeuulizia haulizi jambo geni.

Tuanzie wapi hapa kwetu?

Tumekusanya mambo machache ambayo familia, mwalimu au kiongozi wa kijiji anaweza kuyaanza bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, macho yapimwe. Si kila mtoto anayeitwa kipofu haoni kabisa. Wengine wana uoni hafifu unaoweza kusaidiwa kwa miwani, na wengine wana mtoto wa jicho unaoondolewa kwa upasuaji. Hapa kaskazini, hospitali ya KCMC iliyopo Moshi ina idara ya macho. Mwulize daktari pia kama mtoto anaweza kucheza michezo ya kugongana au ya mpira mzito, maana kuna magonjwa ya jicho yasiyotaka pigo.

Pili, aende shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki hiyo. Aidha, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu cha 30 cha mkataba huo kinataja wazi haki ya kushiriki michezo. Walimu wa elimu maalumu husomea jirani yetu, Chuo cha Ualimu Patandi kilichopo Tengeru. Ofisi ya elimu ya wilaya itakueleza ni shule gani iliyo karibu inayopokea watoto wasioona.

Tatu, anza kwa kutembea. Chukua kitambaa au kamba fupi, wewe shika ncha moja, mtoto ashike nyingine. Tembeeni kwenye uwanja wa shule usio na mashimo. Sema kila badiliko kabla hamjalifikia: "kushoto kidogo," "mteremko unaanza," "jiwe mbele, tupite kulia." Usimvute. Akizoea sauti yako na hatua zako, mtaanza kukimbia taratibu. Kaka, dada au mwanafunzi mwenzake anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mtu mzima.

Nne, tengeneza mpira unaosikika. Watoto wasioona sehemu nyingi huuvisha mpira wa kawaida mfuko wa plastiki mgumu uliofungwa vizuri, ukivingirika unachakarisha. Si mpira wa mashindano, lakini unatosha kumfundisha mtoto kufuata sauti. Chagua mahali penye utulivu, mbali na mashine ya kusaga na barabara ya bodaboda.

Tano, tafuta wenzake. Chama cha Wasioona Tanzania, kinachojulikana kwa kifupi kama TLB, kina wanachama sehemu mbalimbali nchini. Mtoto asiyeona akimsikia mtu mzima asiyeona anayefanya kazi na kulea familia, hujifunza jambo ambalo sisi wenye macho hatuwezi kumfundisha.

Kumlinda, au kumfungia?

Tumalizie na jambo ambalo huwa gumu kusema nyumbani. Familia nyingi hazimfichi mtoto asiyeona kwa ubaya. Humfungia ndani kwa upendo: asianguke, asigongwe na pikipiki, asichekwe. Humpikia, humfulia, humshika mkono hadi anakuwa mtu mzima asiyeweza kujitengea hata maji ya kuoga. Siku mama anapoondoka duniani, mtu huyo anabaki hajui pa kuanzia.

Kumpenda hivyo ndiko kumvuta kamba. Kibunja alikimbia ubavuni mwa Wanyoike akimwambia kona iko wapi, lakini kuikimbia kona ilikuwa kazi ya Wanyoike. Nyumbani pia inawezekana. Mwonyeshe njia ya kisimani mara kumi, mara ya kumi na moja mwache aende huku ukimsikilizia. Ataanguka, kama walivyoanguka watoto wote tulipojifunza kutembea.

Sio kila mtoto asiyeona atafika Paralimpiki, kama ambavyo si kila anayeona atakuwa Filbert Bayi. Lakini kila mmoja anastahili kutokwa jasho, kushinda, kushindwa na kurudi nyumbani amechoka kwa mchezo. Kama kijijini kwenu kuna mtoto wa namna hii, na kuna kijana mwenye mbio anayetafuta la kufanya jioni, wakutanisheni. Kamba mtaipata.